Chungu Hakina Kipimo: Somo kwa Wanandoa Watokao Usiku

Mume na mke wa Mukuju wanapokwenda mjini Tororo Jumamosi kula atapa kwa kuku na kucheza muziki hadi usiku wa manane, sisi polisi hatuna neno nao. Mapumziko hujenga nyumba. Hatari imo katika ajono. Pombe hii ya ulezi hunywewa chunguni kwa mirija mirefu, na maji ya moto huongezwa kila inapopungua. Anywaye bia huhesabu chupa. Anywaye ajono hana cha kuhesabu. Sheria ya Uganda humkataza dereva kuzidi miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu, na mrija haupimi kitu.

Kwa hiyo twawashauri: amueni kabla ya kutoka nyumbani ni nani atakayeendesha gari au pikipiki, naye asiguse mrija kabisa. Mkinywa nyote wawili, laleni mjini. Barabara ya Mbale hupita malori hata usiku. Mke anayeshika ufunguo hamvunjii mumewe heshima. Anamrudisha kwa watoto. Penye dharura, pigeni 999 au 112.