Anayekwenda Ughaibuni Kufundisha Kiingereza Ajifunze Kwanza Kiarabu cha Mkataba

NINAFUNDISHA somo la Maarifa ya Uislamu katika shule ya sekondari, na huenda msomaji akashangaa kuniona leo naandika juu ya walimu wa Kiingereza. Sababu ni hii. Kwa miaka kadhaa sasa walimu wenzangu wa Kiingereza, wake kwa waume, wakipata kazi katika nchi za Ghuba huniletea karatasi zao. Hawaniletei upande wa Kiingereza, maana huo wanaujua kuliko mimi. Huniletea upande wa pili wa ukurasa, ule ulioandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kuniambia, "Ustadhi, hebu nisomee hapa wamesemaje." Mara nyingi tiketi inakuwa imeshakatwa.

Katika kuzisoma karatasi hizo nimeona kwamba maandalizi yetu ni mengi, lakini lililo muhimu huachwa mwisho. Mwalimu atatumia miezi kujiandaa na mtihani wa IELTS. Atatafuta cheti cha kufundisha Kiingereza kwa watu wasiokizaliwa nacho, kama kile cha CELTA ambacho kozi yake ni saa 120 hivi, ndani yake saa 6 za kufundisha wanafunzi wa kweli huku unatazamwa. Haya ni mazuri na hakuna anayeyapinga. Atanyoosha pia matamshi, jambo ambalo kwa maoni yangu hupewa uzito kupita kiasi, kwani mtoto wa Riyadh anahitaji mwalimu anayeeleweka, hahitaji mwalimu anayeongea kwa pua. Kisha mkataba, karatasi itakayoamua alale wapi, alipwe nini na arudi vipi, atausoma usiku wa kuamkia safari, tena nusu yake.

Kwa nini nazungumzia Ghuba tu? Kwa sababu milango mingine ni myembamba kwetu. Korea Kusini, kwa mfano, viza yake ya kawaida ya walimu wa Kiingereza imetengwa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania aliyefundisha miaka kumi hayumo. Hivyo wengi wetu hutazama Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Qatar na Oman, ambako uzito mkubwa uko kwenye shahada na uzoefu.

Sasa tuingie katika mada yenyewe. Sheria ya kazi ya Saudi Arabia ya mwaka 2005, kifungu cha 9, inataka mikataba ya kazi iandikwe kwa Kiarabu, na mwajiri akitumia lugha nyingine pembeni, basi maandishi ya Kiarabu ndiyo yanayoshika. Katika Falme za Kiarabu pia, maandishi mawili yakigongana, la Kiarabu ndilo linalotangulia. Oman nayo inataka iwepo nakala ya Kiarabu. Maana yake, ndugu msomaji, ni kwamba mwalimu wa Kiingereza anatia saini ahadi mbili, na ile anayoielewa ndiyo isiyo na nguvu mbele ya hakimu.

Na sisi Waswahili tuna mtego wetu wa pekee. Mzungu akiona Kiarabu anajua kwamba hajui. Sisi tukisomewa tunasikia maneno ya nyumbani, tunadhani tumeelewa. Nitayataja machache ambayo nimeyakuta tena na tena.

Neno la kwanza, na ndilo kubwa, ni "mihna". Hapa ndipo panapoandikwa kazi yako, katika mkataba na katika viza. (Kiarabu kina "mihna" mbili. Moja ina "he" nyepesi, nayo ni kazi ya mtu. Nyingine ina "he" ya kooni, nayo ni mtihani na taabu. Kwa herufi zetu za Kiswahili zinaandikwa sawasawa, na kuna walimu waliosafiria ya kwanza wakaikuta ya pili.) Mwalimu wa kiume anatakiwa kuona neno "mudarris" au "muallim", wa kike "mudarrisa" au "muallima". Haya ni rahisi kuyatambua, kwani mwalimu wetu wa Kiswahili katoka humo humo. Akiona "aamil", huyo ni kibarua. Akiona "murabbiya", huyo ni yaya. Akiona "aamila manziliyya", huyo ni mfanyakazi wa nyumbani.

Dada mmoja, mwenye shahada ya ualimu na miaka minne darasani, aliniletea karatasi zake akiwa na furaha tele. Upande wa Kiingereza wa barua ya wakala ulisema mwalimu wa lugha kwa watoto. Viza ilisema "aamila manziliyya". Nilipomwambia alinyamaza, kisha akampigia wakala simu pale pale, sauti ikiwa wazi nami nasikia. Wakala hakukanusha. Alisema, "Huo ni utaratibu tu dada yangu, viza za nyumbani zinatoka haraka, ukishafika watakubadilishia." Maneno haya nimeyasikia kwa walimu zaidi ya mmoja, nami nasema wazi kwamba asiyaamini mtu.

Nieleze kwa nini. Kwanza, kifungu cha 38 cha sheria hiyo ya Saudia kinamkataza mwajiri kumtumia mfanyakazi katika kazi isiyoandikwa kwenye kibali chake. Shule iliyo makini haiwezi kumsimamisha darasani mtu aliyeingia kama mtumishi wa nyumba. Pili, kifungu cha 7 kinawatoa wafanyakazi wa nyumbani nje ya sheria hiyo na kuwawekea kanuni zao mbali. Basi saa za kazi, likizo na haki nyingine ambazo mwalimu amezisoma akazifurahia, zinaweza kuwa za watu wengine kabisa. Tatu, aliye na viza ya nyumbani anakaa ndani ya nyumba ya mwajiri. Atafundisha watoto Kiingereza, ndiyo, baada ya kuosha vyombo.

Kwa Saudia iko njia nyepesi ya kukagua. Mikataba ya wafanyakazi wa nyumbani hupitia mtandao wa serikali uitwao Musaned, na ya makampuni na shule binafsi huthibitishwa katika mtandao mwingine uitwao Qiwa. Ukiambiwa wewe ni mwalimu wa shule na karatasi yako ina jina la Musaned juu, usihitaji hata mtu wa kukusomea.

Neno la pili ni "ratib". Sisi tuna ratiba, ya vipindi au ya mazishi. Wao "ratib" ni mshahara. Lakini mshahara upi? "Ratib asasi" ni mshahara wa msingi, na "ijmali" ni jumla pamoja na posho, kama "badal sakan" ya nyumba na "badal naql" ya usafiri. Wakala akikutajia mshahara hukutajia jumla. Tofauti yake huonekana siku ya kuondoka. Katika Falme za Kiarabu, mgeni aliyemaliza mwaka mmoja au zaidi anastahili malipo ya mwisho wa utumishi: mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Chukua walimu wawili wanaolipwa dirhamu 4,000 kila mmoja kwa mwezi. Wa kwanza msingi wake ni 1,500, wa pili ni 3,000. Baada ya miaka mitatu wa kwanza anaondoka na dirhamu 3,150, wa pili 6,300. Kila mwezi walipokea sawasawa, tena huenda waliishi chumba kimoja.

Neno la tatu ni "tajriba". Kwetu mtu mwenye tajriba ni mwenye uzoefu. Mwalimu mmoja aliona "fatrat at-tajriba, miezi sita", akadhani wanamtambulia uzoefu wake, tena akalalamika kwamba wameandika miezi sita badala ya miaka sita! Kumbe hicho ni kipindi cha majaribio, ambacho ndani yake ni rahisi sana kumwondoa mtu. Uzoefu wao huuita "khibra". Katika Falme za Kiarabu, sheria iliyoanza kutumika Februari 2022 inasema majaribio hayo yasizidi miezi sita, na mwajiri anayetaka kukuachisha ndani yake akupe taarifa ya maandishi ya siku 14. Kwa hiyo mwenye mkopo wa nauli kijijini asipige hesabu kama kwamba mwaka mzima uko mfukoni.

La nne, "gharama". Kwetu ni matumizi. Katika mkataba wa Kiarabu ni faini. Ukiliona, au ukiona maneno "shart jazai", simama usome kila herufi, kwani hapo ndipo panaposema utalipa nini ukivunja mkataba. Na kwa wenzangu wa madrasa, "ijaza" ya humo siyo ile ya kuruhusiwa kusomesha kitabu. Ni likizo tu.

Linabaki suala la nani analipa. Kifungu cha 40 cha sheria ya Saudia kinamtwisha mwajiri ada za kumleta mfanyakazi, kibali cha ukaazi, kibali cha kazi na tiketi ya kurudi kwao mkataba unapomalizika. Sheria ya Falme za Kiarabu nayo inamkataza mwajiri kumdai mfanyakazi gharama za kuajiriwa, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, na inakataza kushikilia pasi yake. Hata hivyo huku kwetu walimu wanauza viwanja kulipa wanachoambiwa ni ada ya viza. Ukitajiwa ada, uliza iko katika kifungu gani cha mkataba, kisha usikilize jibu.

Kwa Oman kuna jambo lake. Baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka, nchi ile ilikuwa na shule tatu tu za kisasa, na miongoni mwa waliokwenda kuijenga ni Waomani waliotoka Zanzibar na mwambao wetu wakiwa na Kiswahili na Kiingereza chao. Mpaka leo unaweza kupigiwa simu ya usaili kutoka Muscat ukasikia mzee anakuuliza hali za Mtendeni au Pangani. Moyo unalainika. Ahadi zinatolewa kwa Kiswahili kitamu: nyumba ipo, familia utaileta, nauli usijali. Mimi sisemi kwamba wazee hao hawasemi kweli. Nasema Kiswahili chao hakimo katika mkataba, na anayekuja kuutekeleza huenda ni mhasibu ambaye hakuwepo kwenye simu.

Wapo wanaoona haya kuuliza. Huona kwamba kudai maandishi kwa Mwislamu mwenzako ni kumdhania vibaya. Hawa nawakumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana deni, na waliosemeshwa humo ni walioamini. Tena aya hiyo haikumsahau asiyeweza kusimamia maandishi mwenyewe, imeagiza msimamizi wake amsemee kwa uadilifu. Mwalimu wa Kiingereza asiyejua Kiarabu hana tofauti kubwa na huyo.

Hapo nawageukia maustadhi wenzangu. Kiarabu tulichosomea ni cha nahau na fiqhi, na mtu anaweza kufasiri kurasa nzima za kitabu cha kale akakwama kwenye "mukafaat nihayat al-khidma", ambayo ni yale malipo ya mwisho wa utumishi niliyoyataja. Hii si aibu. Maneno ya mkataba hayazidi hamsini, na yanajifunzika kwa alasiri mbili. Mimi nimeyaandika kwenye daftari, na Jumamosi moja baada ya Adhuhuri tulikaa na walimu saba wenye nia ya kusafiri tukayapitia. Wawili walikuwa na mikataba mkononi. Mmoja aligundua mshahara wake wa msingi ni theluthi tu ya jumla, akaandika kuomba urekebishwe, na shule ikakubali kuupandisha hadi nusu. Barua yenyewe ilikuwa mistari minne.

Yule dada wa viza ya nyumbani hakusafiri. Fedha alizotanguliza wakala amekataa kuzirudisha, na pasi yake alirudishiwa baada ya kaka zake wawili kwenda kukaa ofisini kwa wakala kutwa nzima. Sasa ameitwa usaili na shule ya Falme za Kiarabu. Kule, tangu mwaka 2016, utaratibu ni kwamba mwajiri hutoa kwanza barua iitwayo "ardh amal", wewe unaitia saini ukiwa bado kwenu, na mkataba utakaofuata hautakiwi kupungua na kilichomo katika barua hiyo. Nimemwambia ikija aniletee siku hiyo hiyo, kabla hajaaga kazini, na nakala moja abaki nayo mama yake pamoja na namba ya pasi na jina la shule kama lilivyoandikwa kwa Kiarabu.