Safari ya Jodari na Hesabu ya Barafu

Katika somo hili nataka kuwaeleza wanafunzi na wazazi habari za samaki aitwaye jodari, na za watu wanaokodi boti wakakaa baharini siku mbili, tatu au zaidi kwa ajili ya kumvua. Huenda mtu akauliza, "Sisi wa Chidya, tulio ukingoni mwa uwanda wa Makonde, tunahusika nini na mambo ya bahari kuu?" Jibu ni jepesi. Samaki wa baharini tumlaye huku hutoka Mtwara, Mikindani au Lindi, naye hutufikia baada ya safari ndefu. Shida ya nahodha wa boti ya kukodi na shida ya mchuuzi wetu sokoni ni moja, nayo ni kumfikisha samaki kwa mlaji akiwa salama. Shida hiyo hutatuliwa kwa elimu ile ile tunayoandika ubaoni kila wiki.

Kabla sijawa mwalimu nilipata kufanya kazi ya msaidizi wa mpishi katika boti ya namna hiyo. Kwa hiyo mengine nitakayoeleza nimeyasoma, na mengine nimeyaona.

Jodari ni samaki wa namna gani?

Jodari wako wa aina nyingi. Anayetafutwa zaidi na wageni ni jodari wa mapezi ya manjano, ambaye wataalamu humwita Thunnus albacares. Aweza kupita urefu wa mita mbili. Mwaka 2012, katika bahari ya Mexico, alivuliwa mmoja kwa fimbo na mshipi akapimwa akawa na kilo 193. Hao ni wachache. Wengi wanaopatikana kwetu ni wadogo kuliko huyo.

Jodari hasimami. Samaki wengine huweza kutulia mahali pamoja wakavuta maji kwa vinywa vyao, lakini yeye hana budi kuogelea usiku na mchana, kinywa wazi kidogo, ili maji yapite katika matamvua yake apate hewa. Akizuiwa kwenda, hufa.

La ajabu zaidi ni joto lake. Twajifunza kwamba samaki ni mnyama wa damu baridi, yaani joto lake hufuata joto la maji. Jodari huivunja kanuni hiyo kwa sehemu. Ndani ya mwili wake mishipa midogo ya damu imepangwa bega kwa bega. Damu yenye joto itokayo katika misuli hupita kando ya damu baridi itokayo katika matamvua, ikaipa joto lake kabla halijapotea majini. Kwa hiyo misuli yake huwa na joto kuliko bahari inayomzunguka, naye huogelea kwa nguvu nyingi. Msomaji alishike jambo hili, maana ndilo litakaloleta taabu baadaye.

Kwa nini safari ichukue siku nyingi?

Jodari mkubwa hupenda maji yenye kina. Kwetu hupatikana katika mlango wa bahari wa Pemba, ambao kina chake hufika mita 800 hivi, na nje ya visiwa vya Unguja na Mafia. Mahali panaposifiwa sana ni Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kilichopo yapata kilomita 70 mashariki ya Dar es Salaam. Hakina mti wala maji ya kunywa. Wenyeji wake ni ndege wa baharini. Majira mazuri huanza mwishoni mwa kusi, tangu Agosti hivi.

Sasa tufanye hesabu. Boti nzito ikienda kilomita 15 kwa saa, kilomita 70 huchukua karibu saa tano. Kwenda na kurudi ni zaidi ya saa tisa, na mchana wetu ni wa saa kumi na mbili. Ndiyo sababu wageni hulala huko huko. Katika mji wa San Diego, Marekani, ziko meli za kukodi zinazokaa baharini siku kumi na zaidi, nazo zina matangi ya maji ya bahari yaliyopozwa kwa mashine. Uvuvi wa kujifurahisha si mgeni katika pwani yetu ya Afrika Mashariki: mwandishi Ernest Hemingway alikuja kuvua Malindi, Kenya, mwaka 1934.

Kazi baharini

Boti huondoka usiku au alfajiri. Kukipambazuka mabaharia huanza kurambaza, maana yake kuburura chambo nyuma ya chombo kinachokwenda. Nahodha hatazami maji tu, bali hutazama na mbingu. Ndege wakikusanyika na kupiga mbizi mahali pamoja, yeye hujua kwamba chini yao kuna vidagaa wanaofukuzwa na samaki wakubwa.

Jodari akishika ndoana hushuka chini moja kwa moja, na mshipi hufunguka mamia ya mita. Mgeni hupigana naye nusu saa, pengine saa nzima. Kwa kanuni za mchezo huu, anayetaka samaki wake aandikwe katika kumbukumbu za dunia hana ruhusa ya kusaidiwa na mtu kushika fimbo. Niliwaona watu wenye miili mikubwa wakitetemeka mikono.

Lakini samaki akishaingia botini, furaha ya mgeni huisha na kazi ya baharia huanza. Samaki hupigwa kichwani mara moja ili asijipigepige. Hukatwa nyuma ya pezi la ubavuni damu itoke, hutolewa matumbo na matamvua, kisha hulazwa ndani ya barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji ya bahari. Mchanganyiko huo hugusa mwili wote, kwa hiyo hupoza upesi kuliko mabonge makavu ya barafu.

Hesabu ya barafu

Jodari aliyepigana muda mrefu huwa na joto jingi. Tuseme ana kilo 40 na joto la nyuzi 30, nasi twataka kumshusha hadi nyuzi 0. Kilo moja ya samaki ikishuka nyuzi moja hutoa kilojuli 3.5 hivi. Basi:

40 × 3.5 × 30 = kilojuli 4,200.

Kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza kilojuli 334. Basi:

4,200 ÷ 334 = kilo 12.6 za barafu.

Hizo ni za kumpoza tu. Bado kuna jua, sanduku linalofunguliwa mara kwa mara, na siku mbili za kungoja. Ndiyo sababu katika nchi za joto watu huhesabu kilo moja ya barafu kwa kila kilo moja ya samaki. Basi boti iliyochukua kilo 300 za barafu haina ruhusa ya kuhifadhi kilo 600 za samaki, hata bahari ikijaa jodari.

Nilishuhudia jambo hili katika safari moja ya siku tatu. Jioni ya siku ya pili samaki walikuwa wakishika ndoana kila dakika chache. Nahodha wetu, mzee wa makamo, alifungua sanduku, akachoma kijiti ndani ya barafu, akakitazama. Kisha akaamuru mishipi ikunjwe. Mgeni mmoja alikasirika, akasema, "Kapteni, nimelipa kwa siku tatu, na samaki wapo!"

Mzee akamjibu kwa upole, "Ni kweli, bwana, samaki wapo. Barafu ndiyo haipo."

Mgeni alinuna mpaka usiku. Kesho yake tulivua kwa masharti mapya: kila samaki atakayeshika afunguliwe ubavuni mwa boti, upesi, kabla hajachoka. Wakamfungua sulisuli mmoja mwenye pua ndefu, akaenda zake. Tulipofika bandarini na sanduku likafunguliwa, nyama ilikuwa nyekundu na ngumu, haina harufu. Yule mgeni alimpa nahodha mkono bila kusema neno.

Hatari isiyoonekana

Je, nahodha alikuwa mkali bure? Sivyo. Nyama ya jodari ina kitu kiitwacho histidini. Samaki akikaa katika joto, bakteria huigeuza kuwa histamini, ambayo ni sumu. Mtu akila huona mdomo unawasha, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, pengine anatapika au kuharisha. Dalili huanza baada ya dakika chache au saa chache.

Wazazi waliangalie neno hili kwa makini: histamini haiondolewi kwa kupikwa. Haiondoki kwa kukaangwa, kukaushwa, kutiwa chumvi wala kwa moshi. Samaki aliyeachwa juani asubuhi kisha akakaangwa jioni aweza kunukia vizuri na bado akadhuru. Moto huua bakteria, lakini sumu waliyokwisha kuitengeneza hubaki. Basi usalama wa samaki wa kukaangwa anayeuzwa Masasi hupatikana kule pwani, katika saa za kwanza baada ya kuvuliwa. Ukitia kipande kinywani kikawasha ulimi kama pilipili, kiteme. Na mtu akishikwa na dalili hizo apelekwe zahanati.

Jodari ni wa nani?

Jodari hana mpaka. Leo yuko kwetu, baadaye yuko Shelisheli au Maldivi. Kwa sheria ya mwaka 1989 nchi yetu ina haki juu ya mali za bahari hadi maili 200 za baharini, yaani kilomita 370 hivi kutoka pwani. Machi 2009 meli ya kigeni iitwayo Tawariq 1 ilikamatwa katika bahari yetu ikiwa na shehena kubwa ya jodari. Wananchi waliwaita "samaki wa Magufuli", kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati ule.

Tanzania ni mwanachama wa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli. Mwaka 2015 wataalamu wa tume hiyo walisema kwamba jodari wa mapezi ya manjano amevuliwa kupita kiasi, na mwaka 2016 nchi zikapatana kupunguza uvuvi wake. Tathmini ya mwaka 2024 ilionyesha hali nzuri zaidi. Kumbe kujizuia kuna faida, kwa boti moja na kwa bahari nzima.

Vijana wa Chidya, si lazima mwe mabaharia. Lakini miongoni mwenu watatoka wakaguzi wa samaki, mafundi wa mitambo ya barafu, wachuuzi na maofisa uvuvi. Pwani ya Mtwara inawangoja watu wanaojua kuhesabu kama mzee yule na kijiti chake.

Maswali

1. Jodari wa kilo 25 ana joto la nyuzi 28. Zatakiwa kilo ngapi za barafu kumfikisha nyuzi 0?
2. Eleza kwa nini maji ya bahari yenye barafu hupoza upesi kuliko mabonge makavu.
3. Muulize mchuuzi wa samaki wa kijijini kwenu: samaki wake hukaa saa ngapi kabla ya kutiwa barafu au kukaangwa? Andika jibu lake, nawe utoe maoni yako.