Kubandika si kuunga: somo kutoka tangi la samaki linalovuja

Katika somo hili nataka kuonyesha jinsi kitenzi kimoja kilichochaguliwa vibaya kinavyoweza kuharibu kazi ya mikono. Jirani yangu anafuga samaki. Sanduku lake la chujio ni la akriliki, plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, na maungio yake yalianza kuvuja. Aliniomba nimtafsirie maelekezo ya Kifaransa. Penye «coller» niliandika «bandika kwa gundi». Akapaka silikoni. Baada ya siku chache maji yalikuwa sakafuni, na utepe wa silikoni ulibanduka kwa kidole.

Kosa lilikuwa langu. Silikoni hushika kioo vizuri, lakini haishiki akriliki kwa nguvu. Akriliki huungwa kwa kiyeyushi, na mara nyingi ni diklorometani, kioevu chepesi kama maji. Hupitishwa kwa sindano penye ufa mwembamba, nacho hujivuta chenyewe ndani. Hulainisha kingo zote mbili, zikachanganyikana. Kinapogeuka mvuke, hubaki kipande kimoja.

Tuangalie sasa vitenzi vyetu. Bandika ina bandua. Ziba ina zibua. Kauli ya kutendua inatukumbusha kwamba kilichobandikwa kinaweza kubanduliwa. Yeyusha haina umbo la namna hiyo, na kingo zilizoyeyushwa pamoja hazibanduki. «Coller» ya Kifaransa hufunika mambo yote mawili.

Nikaandika upya hivi:

1. Ondoa maji, kwangua silikoni yote, safisha na kausha kabisa. Usitumie alkoholi, kwani huweza kuitia akriliki nyufa.
2. Fungua madirisha. Kiyeyushi huchemka kwenye nyuzi 40 hivi za Selsiasi, na mvuke wake ni hatari.
3. Yeyusha kingo kwa kiyeyushi mpaka zishikane. Penye pengo tumia kiyeyushi kizito, kilichochanganywa na akriliki, kwa sababu kile chepesi hakijazi pengo.
4. Subiri saa 24 kabla ya kutia maji.

Safari hii sanduku halikuvuja. Tangu hapo, kabla ya kutafsiri kitenzi cha ufundi, sianzi na kamusi. Namwuliza fundi kwanza: kitu chenyewe kinabadilika nini?