Neema Iliyonikera: Mafunzo Niliyopata Nikiwa Mzee wa Kanisa

Ungeniamsha usiku wa manane ukaniuliza neema ni nini, ningekujibu kabla sijafumbua macho: ni wema wa Mungu kwa mtu asiyestahili. Katekismu Ndogo ya Martin Luther, ile ya mwaka 1529, niliikariri utotoni, nikaja kuwakaririsha watoto wa kipaimara, na aliyeshindwa alisimama nje mpaka kipindi kiishe. Ndiyo, nilimtoa mtoto nje kwa sababu hakujua maana ya neema. Kichekesho hicho nilikiona baada ya kustaafu.

Wewe unayesoma hapa najua unataka kumjua Mungu kwa dhati, wala hutafuti tu kiti cha mbele kanisani. Nakuandikia yaliyonichelewesha, ili wewe usichelewe hivyo.

1. Nilimdai Mungu, tena kwa stakabadhi

Kwetu Kagera kibanja cha migomba ndicho chakula, ndicho heshima. Mnyauko ulipoingia kijijini, nilidhani utapita mbali na shamba langu. Mimi ni mtoaji fungu la kumi, ningeguswaje? Haukupita mbali. Majani yalianza kugeuka njano na kusinyaa, ndizi zikaiva kabla ya wakati, na ukiikata moja unakuta ndani imekuwa na rangi ya kutu. Kwa jirani yangu, ambaye kanisani alionekana Krismasi tu, migomba ilisimama mibichi kama ya kwenye kalenda.

Jioni nilitoa stakabadhi zangu kwenye sanduku, nikazipanga mezani: ahadi, mavuno, ujenzi. Kisha nikaanza kuomba, mkono mmoja ukiwa juu ya karatasi. Mke wangu akapita na taa, akasimama kidogo. "Mwalimu," akasema, "unamfanyia Mungu ukaguzi?"

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Jirani alikuwa amemsikiliza bwana shamba: aliling'oa ua la chini ya mkungu kwa kijiti chenye panda, na panga lake alilichoma moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mimi nilikata mgonjwa na mzima kwa panga lilelile, nikieneza ugonjwa kwa mkono wangu, halafu nikaenda kumlaumu Bwana.

Na mtu huyu, yaani mimi, ndiye aliyekuwa akimtania rafiki yake Mkatoliki: ninyi mnahesabu matendo, sisi tunahesabiwa haki kwa imani! Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, wawakilishi wa Kanisa Katoliki na wa Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, wala si kwa stahili yake. Rafiki yangu ndiye aliyeniletea habari. Wakubwa walikuwa wamekwisha kupatana, nami Mlutheri wa kuzaliwa nilikuwa bado nahesabu karatasi.

Sadaka yangu mdomoni ilikuwa shukrani, moyoni ilikuwa bima. Mungu huwanyeshea mvua wema na wabaya. Yesu alilisema hilo mlimani bila kumung'unya maneno. Kwa hiyo toa, tena toa vizuri, lakini ujue kwamba Mungu hadaiwi. Anayemdai ameshamgeuza mwajiri, na siku mshahara usipoonekana atagoma.

2. Nilimfundisha samaki, nikamwacha Mungu

Hadithi ya Yona ilikuwa chakula changu katika shule ya Jumapili. Nilichora samaki ubaoni kwa chaki, mkubwa mpaka mkia ukakosa nafasi. Nikawaambia watoto kwamba Yona alikimbia kwa sababu aliwaogopa watu wa Ninawi, ambao kweli walikuwa wakatili. Tukiishia Yona kutapikwa pwani, tunaimba, tunaenda nyumbani.

Jumapili moja msichana mdogo aliyekuwa amesoma mbele peke yake akainua mkono. "Mwalimu, mbona mwishoni Yona amekasirika?" Nikamwambia tutaliona wiki ijayo. Hiyo ni njia ya walimu ya kusema sijui.

Nilikwenda kusoma sura ya nne kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Yona mwenyewe anataja sababu ya kukimbilia Tarshishi: alijua kwamba Mungu ni mwenye neema, mwingi wa huruma, si mwepesi wa hasira. Alihofia adui zake wangesamehewa! Sifa anazozitaja kwa kulalamika ndizo Mungu alizojitangazia mbele ya Musa katika Kutoka sura ya 34. Na ukizitazama sura hizo kwa mfuatano, utaona zilitangazwa lini: ndama ya dhahabu imekwisha kuabudiwa, mbao za mawe zimevunjwa, watu wamevunja agano kabla wino wake haujakauka. Hapo ndipo Mungu anapojitambulisha, na anaanza na huruma. Anaongeza pia kwamba hamhesabii mwenye hatia kuwa hana hatia, hilo nisikufiche. Lakini huruma ndiyo ya kwanza.

Mimi nilikuwa nimeanza na hatia maisha yangu yote. Baba yangu alikuwa mkali, mwalimu wangu alikuwa na fimbo, nami nilipopata darasa nikanunua fimbo yangu. Mungu niliyemhubiri alifanana sana na sisi watatu. Ukitaka kujua unamwabudu Mungu wa namna gani, jipime kwa swali ambalo Yona aliulizwa na hakulijibu: unajisikiaje anaposamehewa mtu usiyempenda?

3. Baba hakusubiri hotuba iishe

Hili ndilo zito, nami ningelipita kama ningeweza.

Usharika wetu, kama sharika nyingi za wakati ule, ulikuwa na utaratibu: aliyezaa nje ya ndoa alitengwa na Meza ya Bwana, na akitaka kurudi kundini alifika kwanza mbele ya baraza la wazee, kisha akasimama mbele ya usharika. Akaja binti mmoja niliyemfundisha darasa la tatu, kanga mabegani, mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa nimeandaa maswali. Nilikuwa hodari wa maswali.

Nikamuuliza kama anajuta kweli. Akamsogeza mtoto vizuri, akanitazama. "Mwalimu, kwa Mungu nilishatubu, na naamini alishanisamehe. Leo nimekuja kuuliza kama na ninyi mmenisamehe."

Hakuna aliyekohoa. Mimi, katibu wa kikao, nikaandika kwenye muhtasari: amejibu kwa kiburi. Tukamwongezea miezi. Kijana aliyezaa naye, ambaye kila mtu kijijini alimjua, aliimba besi kwenye kwaya Jumapili iliyofuata, tena vizuri.

Miaka ikapita. Siku moja naandaa somo la Luka 15, mfano wa mwana mpotevu, nikaona jambo ambalo macho yangu yalikuwa yakiliruka. Kule kwenye nguruwe kijana anatunga hotuba yenye sehemu tatu: nimekosa, sistahili, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Anapofika nyumbani anaanza kuitoa. Anasema ya kwanza, anasema ya pili, na ya tatu haisikiki. Baba amekwisha kuita vazi, pete na viatu. Na mbio zake, na kumkumbatia, vilitangulia hata ile sentensi ya kwanza.

Nilikuwa nimejenga huduma nzima juu ya ile sentensi ya tatu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba anayerudi anakaa kwanza na watumishi, tumwangalie. Halafu nikasoma kaka mkubwa anavyojieleza: miaka mingi nimetumika, amri sijavunja, hata mwana-mbuzi sijapewa. Ni stakabadhi zilezile za mezani kwangu.

Sisemi nidhamu ifutwe kanisani. Kosa linaumiza watu, na kunyamaza si huruma. Lakini Paulo aliyewaamuru Wakorintho wamwondoe mkosaji ndiye aliyewaandikia katika waraka wa pili wamsamehe mtu na kumfariji, asije akazama katika huzuni. Sisi wazee tuliujua waraka wa kwanza kwa kichwa. Na nidhamu inayomshika mama wa mtoto na kumwacha baba wa mtoto akiimba besi haina haja ya kujadiliwa kwa Maandiko. Hata mtu asiyesoma Biblia anaiona.

Nilimfuata yule binti, sasa mama wa watoto watatu, nikamwomba radhi. Alinikaribisha chai. Hakulia, wala hakuniambia kwamba yamekwisha. Aliniuliza kama ule muhtasari bado upo.

4. Kupokea kulinishinda

Nilipofanyiwa upasuaji, watu wa mtaa walileta uji na ndizi, wakafua, wakanichangia. Kitandani niliomba kalamu, nikaandika nani kaleta nini, ili nikipona nirudishe. Mke wangu alilichukua lile daftari na hadi leo sijui alilipeleka wapi. Mhubiri wa neema, na mkungu mmoja wa ndizi ulininyima usingizi! Mtu asiyeweza kupokea uji wa jirani bila kutafuta namna ya kuulipia, sidhani anaweza kupokea msalaba.

5. Neema haikummaliza Newton kwa usiku mmoja

Kwaya yetu iliwahi kwenda Unguja, tukaingia Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Tukaimba ule wimbo maarufu wa neema ya ajabu, machozi yakatutoka. Mtembeza wageni alisubiri tumalize, akauliza kwa upole kama tunajua mtunzi wake alifanya kazi gani.

Mtunzi huyo, John Newton, alimlilia Mungu katika dhoruba baharini mwezi Machi 1748. Mimi nilidhani kuanzia hapo aliacha biashara ya watumwa. Kumbe baada ya hapo ndipo akawa nahodha wa meli za watumwa, anasali juu na watu wamefungwa minyororo chini. Aliacha bahari mwaka 1754, na kilichomwachisha ni ugonjwa. Akawa kasisi, wimbo wake uliandaliwa kwa ibada ya Mwaka Mpya wa 1773. Kijitabu cha kukiri hadharani ubaya wa biashara hiyo alikitoa mwaka 1788, miaka 40 baada ya dhoruba. Alifariki Desemba 1807, mwaka ambao Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo.

Habari hii ilinifariji, kisha ikanitia aibu kwa kunifariji. Kwamba Mungu alimvumilia miaka hiyo yote ni habari njema kwa mwenye kichwa kigumu kama mimi. Lakini waliolipa gharama ya ucheleweshaji wake walikuwa wamelala chini ya sitaha, na kwao uvumilivu huo haukuonekana hivyo. Kijana ukiniambia kwamba kama wokovu ni bure basi hakuna haraka ya kubadilika, nitakuuliza: nani yuko chini ya sitaha yako akikusubiri?

Paulo anamwambia Tito kwamba neema inafundisha. Basi ina masomo, na ina wanafunzi wazito. Somo la Newton lilipofika mahali pake, alikuwa mzee, na hakujificha nyuma ya ule wimbo wake. Aliandika yale aliyoyafanya, akayachapisha.

Kwa hiyo nimemwandikia mwenyekiti wa baraza, nikiomba mambo mawili: muhtasari ule usomwe upya na maneno yangu yafutwe kwa kumbukumbu rasmi, na utaratibu wa kurudi kundini ujadiliwe, akina baba nao wakiwemo. Amenijibu kwamba ajenda ni nyingi, ila ameyaweka kwenye mengineyo, baada ya paa la nyumba ya mwinjilisti.