SOMO LA KAZI: FRIJI IKIJAA BARAFU, PIMENI KABLA YA KULAUMU



Wengi wetu tunaokaa Namuwongo huvuka reli kila asubuhi kwenda viwandani. Kuna wanaoshughulika na maziwa, kuna wa samaki, kuna wa soda na wa kantini. Ndugu zetu wa mashamba ya maua, upande wa Entebbe na Mukono, hupanga waridi ndani ya chumba baridi. Na jioni tukirudi, friji moja kuukuu yaweza kuwa ndiyo karo ya watoto: mama anauza maji baridi, juisi na maziwa mlangoni pake. Kwa hiyo friji si jambo la matajiri. Ni chombo cha kazi kama jembe na cherehani, na mfanyakazi lazima akijue chombo chake.

Iko sababu nyingine. Mali ikiharibika, wa kwanza kuulizwa ni mtu wa chini. Ataambiwa, "Uliacha mlango wazi." Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingine mashine ndiyo mbovu, na mfanyakazi kwa kuwa hajui inavyofanya kazi hana la kujibu. Somo hili linampa la kujibu.

1. BARAFU INATOKA WAPI?

Friji haitengenezi baridi. Inachota joto lililo ndani na kulitupa nje. Kompresa inasukuma gesi katika mabomba, na bomba lililo ndani hupata baridi kali. Hewa ina unyevu. Unyevu ukiligusa bomba hilo unaganda. Kila mlango ukifunguliwa, unyevu mpya unaingia.

Utando mwembamba wa barafu hauna neno. Ukizidi unakuwa kama blanketi: baridi imefungiwa, haitoki. Ndiyo maana friji iliyojaa barafu huharibu chakula kwa joto. Watu wengi hushangaa, lakini ndivyo ilivyo.

Friji za zamani huyeyushwa na mwenyewe kwa kuzizima. Friji zenye feni hujiyeyusha. Mara chache kwa siku, taima au bodi ya umeme huzima kompresa na kuwasha hita ndogo iliyo karibu na bomba, kwa muda wa dakika 15 hadi 30 hivi. Maji hushuka kwa mfereji mdogo mpaka kwenye sahani iliyo nyuma, yakakauka kwa joto la kompresa.

Anayeipa bodi habari ya joto ni sensa. Ni kitu kidogo kama punje ya haragwe, chenye nyaya mbili. Ikipoa, umeme hupita kwa taabu. Ikipata joto, umeme hupita kwa urahisi. Bodi inausoma umeme huo na kuamua. Sensa ikisema uongo, bodi inaamua uongo.

2. SOMENI DALILI

(a) Chini, kwa chakula, kuna joto, lakini juu kwenye friza barafu bado ngumu. Ukuta wa ndani umefunikwa barafu nyeupe kila mahali. Hapo kuyeyusha kumeshindwa: hita, fyuzi, taima, bodi au sensa.

(b) Barafu iko kwenye sehemu ndogo tu ya bomba, na kwingine ni pakavu. Hapo shuku gesi imepungua. Hiyo ni kazi ya fundi wa gesi.

(c) Maji yamejaa chini ya droo za mboga. Mfereji umeziba. Mimina maji ya vuguvugu taratibu mpaka upite.

(d) Kompresa haipumziki na chakula kinaganda chote. Yawezekana sensa inaiambia bodi kwamba kuna joto wakati hakuna.

(e) Taa inawaka lakini kompresa imelala na ndani kuna joto. Yawezekana waya wa sensa umekatika, na bodi inadhani kuna baridi kali. Friji nyingine huonyesha herufi au namba ya kosa kwenye kioo.

(f) Barafu nyingi karibu na mlango. Weka karatasi kati ya mpira na fremu, ufunge, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka au mchafu. Usha kwanza kabla ya kununua mwingine.

Ukiona dalili ya (a), iko njia isiyo na gharama. Hamisha chakula, chomoa plagi, acha milango wazi saa 24, kisha washa. Ikifanya kazi vizuri siku kadhaa halafu ikarudia ugonjwa uleule, basi kompresa na gesi ni nzima, na kosa liko kwenye kuyeyusha. Fundi akikwambia ununue kompresa, mwambie habari hiyo.

3. GLASI YA BARAFU

Kipimo chetu cha bei rahisi ni glasi ya barafu iliyopondwa ikachanganywa na maji kidogo. Ikikorogwa, ni nyuzi 0, leo na kesho. Tumbukiza kipimajoto. Kikisoma mbali na 0, kipimajoto chenyewe ni kibovu.

Fundi mwenye mita aipime na sensa hivyo hivyo. Kwanza achomoe plagi ya friji ukutani, kisha aitenge sensa na bodi. Sensa ya aina moja iliyoenea husoma karibu omu 10,000 katika nyuzi 25, na ndani ya glasi ya barafu husoma kati ya omu 28,000 na 34,000 hivi. Kila kampuni ina namba zake, basi ziangaliwe. Lakini kanuni haibadiliki: namba ipande ikipoa, ishuke taratibu ikipashwa kwa mkono. Isipobadilika, ikiruka-ruka, au mita isiposoma kitu, sensa itupwe.

Hita nayo ipimwe. Zile ndogo za nyumbani husoma omu mia mbili hadi mia nne hivi. Mita isiposoma kitu, imekatika. Swichi ya joto iliyo kwenye bomba ipimwe ikiwa ya baridi kabisa, maana ikiwa na joto ni kawaida yake kukata umeme. Mafundi wengi huitupa ikiwa nzima kwa kutolijua hili.

4. MAMBO YA HATARI

Usichimbe barafu kwa kisu wala bisibisi. Ukitoboa bomba, umeua friji. Tena soma karatasi iliyobandikwa kwenye kompresa. Ikiandikwa R600a, gesi hiyo huwaka moto. Ikivuja, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Fungua milango na madirisha, ondoa watu.

Fyuzi ya joto iliyokatika isiunganishwe kwa kipande cha waya. Hiyo fyuzi ndiyo inayozuia hita isichome nyumba, na nyumba za Namuwongo zimeegemeana.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friji iliyofungwa hutunza chakula saa 4 hivi, na friza iliyojaa hufika saa 48. Umeme ukirudi, ngoja dakika 5 kabla ya kuwasha. Chakula kikae nyuzi 5 au chini yake, na friza nyuzi 18 chini ya 0.

Katika viwanda vikubwa vyenye mitambo ya amonia, somo hili halitoshi. Harufu kali ikitokea, tokeni upesi. Mitambo hiyo ina watu wake waliofunzwa.

5. KARATASI NI SHAHIDI

Shauri moja tulilopeleka mezani lilikuwa la mama wa kantini aliyeambiwa alipe maziwa yaliyochachuka. Kioo cha friji kilisema nyuzi 4. Msimamizi akashika hicho. Tuliomba kipimajoto kingine kilale ndani ya glasi ya maji usiku kucha, mlango umefungwa na ufunguo uko kwa msimamizi mwenyewe. Asubuhi kioo kilisema 4, kipimajoto kikasema 11. Sensa ilikuwa imeingia maji. Deni likafutwa, na mama akarudi kazini.

Hakushinda kwa kelele. Alishinda kwa namba. Kwa hiyo, kila penye friji au chumba baridi, dai karatasi ukutani. Andikeni tarehe, saa, joto na jina la aliyesoma, asubuhi na jioni. Umeme ukikatika, andikeni. Barafu ikionekana, andikeni na kumwambia msimamizi siku hiyohiyo. Karatasi inamlinda mwajiri mbele ya mnunuzi, na inamlinda mfanyakazi mbele ya mwajiri.

Tena kumbukeni: Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au kwa kazi mbaya, lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu na amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Mchague mjumbe wa chama. Nenda na karatasi yako mkononi.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Kwa nini friji iliyojaa barafu huwa na joto?
2. Chumba baridi cha kazini kwenu kina kipimajoto cha pili? Nani anakisoma?
3. Mlipoona kosa la mashine mara ya mwisho, liliandikwa wapi?
4. Mwenzenu akilaumiwa kesho, mtaonyesha nini?

Tawi lisilo na jibu la swali la nne lianze karatasi wiki hii.