Somo: Kuunga Kiti cha Nje Nyumbani

Tuliwahi kuunga kiti cha mbao kwa haraka, tukamkaribisha mzee mmoja akae. Alipoegemea, mguu wa nyuma ulichomoka, akaanguka. Hakuumia, lakini tuliona aibu, maana kosa lilikuwa letu. Tujifunze pamoja.

1. Tutumie mbao zilizokauka. Mbao mbichi husinyaa baadaye, na misumari hulegea.

2. Tuanze na pande mbili: kila upande una mguu wa mbele, mguu wa nyuma na ubao wa kuiunganisha. Kisha tuziunge pande hizo kwa mbao za mbele na nyuma. Sehemu ya kukalia iwe kama sentimeta 40 kutoka chini.

3. Tutoboe tundu dogo kabla ya kupigilia, mbao isipasuke. Miguuni, skrubu hushika kuliko msumari.

4. Tusikaze bado. Tupime kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, kwa kupishanisha. Vipimo visipolingana, kiti kimekwenda upande. Tukisukume mpaka vilingane, ndipo tukaze. Hatua hii ndiyo tuliyoiruka. Kiti kilichopinda hucheza, na kucheza huchomoa misumari.

5. Mbao za kukalia ziachane kidogo, maji ya mvua yapite. Miguu iwekwe juu ya mawe, mchwa wasiifikie upesi.

Mwisho, aliyekiunga akikalie kwanza.

Wengine husema, "Hapa si kwetu, kiti cha nini?" Ni kweli, tunangoja kurudi. Lakini mzee wetu amechoka leo.