Dozi ya Pili Ikiwa na Jina Tofauti, Je, Mtoto Arudishwe Nyumbani?

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunajibu swali ambalo akina mama wengi hutuuliza kliniki: "Mwanangu alipewa chanjo ya kiwanda fulani, leo kichupa kina jina jingine. Je, hakuna hatari?" Wengine hawaulizi. Humfunga mtoto mgongoni na kurudi nyumbani kungoja ile ya kwanza, na huku mtoto anabaki na kinga nusu.

Kwa nini jina hubadilika?

Chanjo nyingi za watoto katika nchi zetu hununuliwa kupitia UNICEF kutoka viwanda mbalimbali. Kiwanda kimoja kikipungukiwa, kingine hujaza pengo. Pia familia huhama, na zahanati ya huko inaweza kuwa na chanjo ya kiwanda kingine.

Mwili hufanya nini?

Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaingia. Dozi ya kwanza ni somo, na dozi zinazofuata hulikazia somo hilo. Mtoto akihamia shule nyingine katikati ya mwaka, hamrudishi darasa la kwanza. Anaendelea pale alipofikia. Chanjo nayo ni hivyo hivyo: dozi iliyokwisha kutolewa huhesabiwa, wala hatuanzi upya.

Chanjo moja moja

1. Sindano ya magonjwa matano. Hii hukinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na vijidudu vya Hib viletavyo kichomi na homa ya uti wa mgongo. Hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Vichupa vya viwanda mbalimbali vinaweza kufuatana bila wasiwasi.

2. Matone ya kuzuia kuhara kwa virusi vya rota. Hapa kuna jambo la kuangalia. Rotarix hutolewa dozi 2, lakini Rotavac na Rotasiil hutolewa dozi 3. Ni vema kumaliza na ile ile uliyoanza nayo. Isipopatikana, au jina la kwanza halijulikani, mtoto apewe iliyopo. Kama dozi mojawapo ilikuwa ya aina ya dozi 3, au haijulikani, mtoto apate jumla ya dozi 3. Kungoja ni hatari zaidi, kwa sababu kuhara huku huwapata watoto wangali wadogo, na maji hupungua mwilini upesi.

3. Chanjo ya kichaa cha mbwa. Aliyeumwa na mbwa akianza chanjo, asiikatishe kwa sababu hospitali imeishiwa ile ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linakubali kuendelea na chanjo nyingine ya kisasa pale isipowezekana kupata ile ile. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaonekana, ni nadra sana mtu kupona.

4. Chanjo ya UVIKO-19. Mwaka 2021 India ilipunguza kupeleka AstraZeneca nchi za nje, na watu wengi Afrika waliopata dozi ya kwanza walichelewa kupata ya pili. Mwaka huo huo watafiti wa Oxford walionyesha kuwa mtu aliyepata AstraZeneca kisha Pfizer alijenga kinga kubwa kuliko aliyepata AstraZeneca mara mbili. Homa, baridi na kuumwa kichwa vilikuwa vingi zaidi kwa waliochanganya, lakini vilipita kwa muda mfupi. Kiongozi wa Ujerumani wakati huo, Bi. Angela Merkel, alipata AstraZeneca mwezi Aprili na Moderna mwezi Juni 2021.

Angalizo

Tunayosema yanahusu chanjo za ugonjwa ule ule. Chanjo ya surua haiwezi kuchukua nafasi ya sindano ya magonjwa matano. Pia si kila kubadilisha kunafaa, hivyo uamuzi ni wa mhudumu wa afya aliyeiona kadi, si wa jirani.

Mzazi afanye nini?

- Aje na kadi ya kliniki kila mara, hata akisafiri. Kadi ikipotea, aje hivyo hivyo na aeleze anayoyakumbuka.
- Amwombe muuguzi aandike jina la chanjo na tarehe.
- Aulize: "Zimebaki dozi ngapi, na nirudi lini?"
- Aeleze kama mtoto alivimba uso, alipata shida ya kupumua au alipatwa na degedege baada ya dozi iliyopita. Hilo ni muhimu kuliko jina la kiwanda.
- Asikae nyumbani kwa kuona aibu kwamba amechelewa. Aliyechelewa aje, tutaendelea pale alipoishia.

Akina baba, nanyi isomeni kadi ya mtoto. Siku mama akiwa safarini au mgonjwa, tarehe ya chanjo haitamngoja arudi.